Tuuze mtumbwi na injini tukafuate dawa mpya ya kansa India?

Swali limetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 52, hedhi ilishakoma zamani, mwaka huu akaanza kutokwa damu. Zahanati wakampa dawa za UTI mara tatu. Tulipofika hospitali ya Bugando, Mwanza, wakachukua kinyama, majibu yakaja kansa ya mlango wa kizazi steji 2B, wameandika mionzi na dripu. Sasa kwenye grupu la ukoo mjomba katuma klipu inasema siku hizi kuna dawa mpya inayoamsha kinga za mwili, na Urusi wameshapata chanjo, anataka tuuze mtumbwi na injini ya baba twende India. Shangazi yeye kaleta unga wa majani ya mstafeli. Ni kweli hizo dawa mpya zipo? Na kama zipo mbona mama anapewa za zamani? Mimi nina miaka 31, nina mdogo wangu wa kike yuko darasa la sita, naogopa na sisi."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mama mfikishie salamu zangu. Nianze na mtumbwi kwa sababu ndio wenye haraka: msiuze. Angalau msiuze mpaka umemaliza kusoma hapa na mmeongea na daktari wake, maana injini ikishaondoka kwa bei ya shida hairudi.

Kwenye ujumbe wako kuna kitu umekipita haraka lakini mimi ndio nimekidaka, hiyo 2B. Maana yake kansa imetoka kwenye mlango wa kizazi ikaingia kwenye nyama za pembeni yake, ila haijafika ukutani mwa nyonga. We si umeona gugumaji linavyoingia gatini, linaanza kuzunguka mitumbwi ya karibu lakini bado kuna maji safi kabla ya kufika nchi kavu, ndio hapo alipo mama. Hapo bado tunaongelea kuponya, sio kutuliza maumivu tu. Na ndio maana hawakumwambia habari za kutoa kizazi, watu wengi wakisikia "hatukati" wanadhani daktari kakata tamaa, hapana, kwa 2B kisu kinaacha mabaki pembeni na mionzi pamoja na dripu, yaani dawa za kansa za mshipani, ndio tiba kuu, Mwanza ni hivyo na London ni hivyo.

Haya, dawa ya mjomba. Mjomba hajadanganywa, dawa ipo. Mwili wako una askari wake na kila siku wanapita wanakagua seli, kama BMU, ile kamati ya wavuvi ya kulinda ufukwe, wanavyokagua nyavu mwaloni. Kansa ni yule mvuvi wa kokoro, wavu uliokatazwa, aliyeghushi kibali, askari akifika anaoneshwa karatasi, anaiamini, anapita. Kazi ya hii dawa ni kuzuia ile karatasi isisomeke, basi, askari anaamka anafanya kazi yake mwenyewe. Mmarekani James Allison na Mjapani Tasuku Honjo walipewa Nobeli mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuondoa hiyo breki inayowazuia askari wa mwili. Na matokeo tumeyaona, rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter mwaka 2015 akiwa na miaka 90 aligundulika na kansa ya ngozi iliyoshafika kwenye ini na ubongo, akafanyiwa upasuaji, mionzi, na akapewa mojawapo ya hizi dawa inaitwa pembrolizumabu, mwisho wa mwaka ule ule skani ikawa safi na mzee akaishi mpaka miaka 100, kafariki Desemba 2024. Zamani mtu wa namna hiyo tulikuwa tunahesabu miezi.

Sasa shida ya klipu ni kile isichosema. Unakumbuka 2022 ilizunguka habari kwamba kuna dawa imeponya wagonjwa wote? Ilikuwa kweli, New York, wagonjwa 12 wa kwanza wenye kansa ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, wote uvimbe ukapotea. Ila wale walichaguliwa kwa sababu kansa yao ilikuwa na hitilafu fulani kwenye mfumo wa kurekebisha DNA, hitilafu inayopatikana kwa wagonjwa kama 5 mpaka 10 kati ya 100 wa kansa hiyo. Hao wengine 90 dawa hiyo haiwafanyii maajabu yale. Kansa sio ugonjwa mmoja, ni kama kusema "samaki", sangara na dagaa wote samaki lakini nyavu ya sangara itapitisha dagaa mpaka asubuhi.

Na kwa mlango wa kizazi? Hapa ndio nataka mjomba aje asome mwenyewe. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu pembrolizumabu itumike kwa kansa hii PAMOJA na mionzi na dripu za sisplatini, ile dawa ya kansa ya siku zote, narudia pamoja na, sio badala yake. Utafiti ulikuwa wa wanawake zaidi ya 1,000, baada ya miaka mitatu waliopata nyongeza hiyo walikuwa hai kama 83 kati ya 100, wasiopata kama 75. Sio kitu kidogo. Lakini kibali chenyewe kilitolewa kwa steji ya 3 mpaka 4A. Mama yenu ni 2B. Yaani mngeuza mtumbwi, injini, na kiwanja juu yake, mngefika huko mkakuta kibali cha hiyo dawa hakimgusi, halafu wangemwandikia mionzi na sisplatini, ile ile mliyoikimbia Bugando. Bei yake sasa, Marekani dozi moja ya wiki tatu inavuka dola 10,000, na kwenye utafiti ule walikuwa wanachomwa karibu miaka miwili. Mimi inaniuma kwamba kuna wagonjwa wa steji ya 3 hapa kwetu ingewasaidia na hawaipati kwa sababu ya bei tu, hilo nalisema wazi na nitaendelea kulisema, ila kwa mama yenu sio hoja.

La Urusi nalipita haraka. Desemba 2024 maafisa wao wa afya walitangaza chanjo ya mRNA ya kansa, na tangazo sio tiba. Wazo lenyewe ni la kweli na wengi wanalifanyia kazi, unachukua uvimbe wa mgonjwa, unasoma kasoro zake, unamtengenezea yeye mwenyewe chanjo inayowafundisha askari wake sura ya adui. Kampuni za dawa za Moderna na Merck walijaribu kwa wagonjwa 157 wa kansa ya ngozi waliokwisha fanyiwa upasuaji, wakaongeza juu ya ile pembrolizumabu, hatari ya kansa kurudi au kufariki ikapungua kwa asilimia 44. Ni habari njema kabisa, lakini ni ngozi, sio mlango wa kizazi.

Twende kwenye swali lako zito, mbona mama anapewa za zamani. Hili nimelipenda maana jibu lake halijafika kwenye magrupu.

Mojawapo ya hatua kubwa za miaka ya karibuni kwa kansa hii hii ya mama imetokana na dawa mbili za zamani kabisa, kaboplatini na paklitakseli, zipo kwenye famasi za hospitali miaka na miaka. Utafiti unaitwa INTERLACE, matokeo kamili yalitoka Oktoba 2024 kwenye jarida la Lancet, wanawake 500 kutoka Uingereza, Meksiko, India, Italia na Brazili, wengi wao steji ya 2 kama mama. Nusu walipewa tiba ya kawaida, mionzi na sisplatini. Nusu nyingine walianza na hizo dripu mbili kila wiki kwa wiki sita, halafu wiki ya saba moja kwa moja wakaingia kwenye tiba ile ile ya kawaida. Baada ya miaka mitano kundi la kwanza walikuwa hai 72 kati ya 100, la pili 80. Angalia hiyo tofauti, nane, ukilinganisha na ile ya dawa ya maelfu ya dola. Tafiti mbili tofauti, wagonjwa tofauti, kwa hiyo usizipime mizani moja, lakini unaona ninapoelekea, hawakugundua dawa mpya bali walibadilisha mpangilio.

Ina gharama yake pia, sitakuficha, madhara makali yaliongezeka, damu kushuka, kinga kushuka, kuchoka. Na ina sharti moja ambalo kwetu ndio mtego: wiki ya saba mashine iwe inamsubiri. Ukipewa dripu sita halafu ukakaa foleni miezi miwili, umeharibu. Kwa hiyo usiende pale ukaanza kudai kama mtu anadai chenji, uliza kwa adabu, "Dokta, mama anafaa kuanza na kaboplatini na paklitakseli kabla ya mionzi?" Anaweza kukwambia hapana na akawa na sababu nzuri kabisa, damu yake iko chini, figo, nafasi ya mashine imeshapatikana wiki ijayo hakuna sababu ya kuchelewa. Akisema hapana ya hivyo, kubali.

Sisplatini yenyewe nikudokeze kidogo maana napenda hadithi yake. Ina madini ya platinamu ndani, yale yale ya pete za harusi za matajiri. Miaka ya 60 Barnett Rosenberg kule Michigan alikuwa anapitisha umeme kwenye bakteria kwa vijiti vya platinamu, bakteria wakaacha kugawanyika, kumbe sio umeme, ni platinamu iliyokuwa inayeyuka. Ikawa dawa 1978. Na ilipofika 1999 ndio ikathibitika kwamba ukiiweka pamoja na mionzi kwenye kansa ya mlango wa kizazi wanapona wengi kuliko mionzi peke yake. Ni ya zamani kweli, na bado inaponya.

Sasa kitu ambacho kinaniondolea wagonjwa kuliko kukosa dawa mpya. Muda.

Mionzi ya nje mara nyingi ni kama vikao 25, siku tano kwa wiki, halafu mionzi ya ndani vikao vichache, kifaa kinawekwa ndani karibu na uvimbe wenyewe. Vyote hivyo viishe ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza. Ukikatisha, seli zilizobaki zinashtuka zinaanza kuzaana kwa kasi, tafiti za zamani zilikadiria kila siku inayozidi hapo inapunguza nafasi ya kuua uvimbe kwa karibu asilimia 1. Siku moja, asilimia moja. Na ile mionzi ya ndani sio nyongeza ya hiari, bila hiyo kupona kunashuka sana, kwa hiyo uliza mapema atapatiwa wapi, hapo hapo Mwanza au hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar es Salaam, na tarehe iandikwe kabla ya ya nje kuisha.

Kuna mama mmoja wa visiwani, mchuuzi wa dagaa, alikuwa hajui kuandika lakini hesabu anaijua kuliko mimi. Kila akitoka kwenye mashine anafunga fundo kwenye kipande cha uzi wa nyavu, amekizungusha mkononi kama shanga. Fundo la 14 damu ikakata, akaniambia dokta mimi nimepona, na giza limeingia, dagaa wanatoka, vijana wananisubiri na mashua. Nilimbembeleza nikashindwa, yeye ndiye analisha nyumba. Akarudi baada ya mbalamwezi mbili kupita, uzi bado uko mkononi na mafundo yake 14, damu imerudi na mguu mmoja umevimba. Mpaka leo nikiona mgonjwa anacheka kwenye wiki ya tatu namuuliza kwanza nani anavua nyumbani.

Na ndio maana nimesema mtumbwi msiuze. Mtumbwi ukiendelea kuingia majini ndio utalipa chumba Bugarika karibu na hospitali, mama asipande meli ya Nansio kila Ijumaa na kurudi Jumatatu amechelewa, ndio utanunua nauli, mayai, uji, na maji ya kunywa mengi siku za sisplatini maana inapiga figo. India mtakwenda mara moja mkaishiwa, hapa mnahitaji hela ndogo ndogo kila wiki kwa miezi miwili mfululizo. Hata hivyo msibebe kimya kimya, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema mkaeleze hali, wengi wanafika pale deni limeshawashinda.

Kabla ya kuanza, majibu mawili uyajue kwa namba usiambiwe tu "yako sawa". Moja ni wingi wa damu, akiwa na upungufu aongezewe, mionzi inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nyama yenye damu ya kutosha. Pili krietinini, hiyo ndio inasema figo zinachuja vipi, na waombe ultrasaundi ya figo kwa sababu uvimbe wa pale chini unaweza kubana mirija ya mkojo mtu asijue. Figo zikiwa mbovu sisplatini haitolewi hivi hivi. Na kipimo cha HIV asikikatae, wanawake wenye maambukizi wako kwenye hatari mara 6 ya kansa hii, kwa hiyo akiwa nayo ARV zinaingia kwenye mpango wa tiba, sio aibu.

Shangazi na mstafeli wake. Simcheki, na wewe usimcheki. Ile paklitakseli niliyoitaja juu imetoka kwenye gome la mti, mti wa Marekani unaoota upande wa Pasifiki, gome lilikusanywa 1962 na dawa ikaruhusiwa 1992. Miaka 30! Na kile kimaua cha pinki kinachoota kwenye nyua na makaburini, asili yake Madagaska, ndio kimetupa vinkristini, inayotumika kutibu Burkitt, ule uvimbe wa taya wa watoto ambao huku ukanda wa ziwa tunaujua sana. Kwa hiyo miti inatibu. Tofauti ni hiyo miaka 30 ya kujua ni kitu gani hasa ndani ya gome, kiasi gani kinaua kansa, kiasi gani kinaua mtu. Majani ya mstafeli yameua seli za kansa kwenye sahani ya maabara, na hata siki inaziua ukiimwaga kwenye sahani. Kwa binadamu ushahidi haupo, na kuna kemikali ndani yake inayohusishwa na ugonjwa wa neva unaofanana na wa kutetemeka, waliuona visiwa vya Guadeloupe kwa watu wanaokula sana. Mwambie shangazi asubiri hizo wiki 8, ini na figo za mama zina kazi nyingine. Tunda lenyewe la stafeli mara moja moja ale, sio ugomvi.

Zile UTI tatu sitaki kuzipita. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa damu, sio UTI mpaka mtu amewasha taa akaangalia mlango wa kizazi kwa macho. Hapo mlipoteza miezi, na wala sio ninyi peke yenu, makadirio ya mwaka 2020 yalionesha Tanzania inapata wagonjwa wapya wa kansa hii zaidi ya 10,000 kwa mwaka, wengi wanafika wamechelewa. Kuangalia kwenyewe hakuhitaji mashine kubwa, siki inapakwa pale kwenye mlango, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe baada ya dakika moja hivi, na kama ni mabadiliko ya awali wanayaunguza kwa kifaa cha joto siku hiyo hiyo, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Sasa wewe na mdogo wako, na hapa naomba uniruhusu nitanue kifua kidogo kwa sababu hii ni habari ya Mwanza. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha HPV, Mjerumani Harald zur Hausen alipata Nobeli 2008 kwa kuthibitisha hilo. Chanjo ilikuwepo ila dozi zilikuwa tatu, baadaye mbili, ghali, mabinti wanapotea katikati. Ndipo mwaka 2017 hapa hapa Mwanza kituo cha utafiti cha MITU, wale wenzetu wanaofanya kazi na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, wakaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote wa dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini. Ng'ambo ya ziwa Wakenya nao, Kisumu ikiwemo, walifuatilia mabinti na wanawake 2,275, dozi moja ikazuia maambukizi sugu ya virusi vikuu kwa zaidi ya asilimia 97 ndani ya mwaka mmoja na nusu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, Tanzania ikahamia huko 2024. Mabinti wa Mwanza wamebadilisha chanjo ya dunia nzima na sijaona hata klipu moja inawataja. Uskoti, walioanza mapema, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 hawajakuta hata mmoja mwenye kansa hii kati ya wale wa mwanzo.

Inafunga kizazi? Hapana. Ndani mna ganda tupu la kirusi, halina mbegu ya kuzaa wala ya kuzuia kuzaa. Kwa hiyo mdogo wako wa darasa la sita, kama hajapita miaka 14 na kadi yake haioneshi sindano ya HPV, mpeleke kituo cha afya cha hapo Nansio, haina malipo. Na wewe mwenye 31, siku ya kwanza ya mama ya mionzi utakuwa umekaa kwenye benchi masaa, ulizia chumba cha kipimo cha siki, uingie, usisubiri dalili.

Krietinini ikitoka niandikie namba yake, na tarehe ya mionzi ya ndani kama wamekupa.